Mashine ya Ami Hamadi Ilikuwa na Milango Sita

Sisi tuliokulia Magogoni zile siku ambazo betri za redio zikichoka zinaanikwa juu ya bati kama samaki wa ng'onda, njooni tukae hapa kidogo. Nyinyi watoto wa juzi pia mnakaribishwa, bora tu mtoe hivyo vidude masikioni.

Mnakumbuka kaseti? Sisemi kuiona. Kuiona hata leo utaiona kwa wauza vyuma vikuukuu. Nasema kuishi nayo. Kaseti ikiliwa na redio, unaivuta pole pole kama mtu anayetoa mwiba, unakata palipokunjana, unaunga kwa rangi ya kucha ya dadako, na dadako akijua unaungwa wewe. Ukitaka kurudisha wimbo nyuma unatia kalamu ya biki kwenye tundu, unaizungusha hewani mpaka mkono ufe ganzi, manake redio ikirudisha yenyewe inamaliza betri na baba anataka kusikiza habari. Misuli yetu ilitoka huko. Leo mtoto akigusa kioo mara mbili wimbo usibadilike, anasema amechoka na maisha.

Asubuhi ilikuwa shule, alasiri ilikuwa chuo cha Kurani, na pale katikati ndipo tulipoishi. Tulicheza kati, ya kukwepa mpira, na blada, ule utepe wa mpira wa kurukia, mpaka vumbi likatufanya sote rangi moja. Halafu mbio kwa Bi Mwanasha jirani, kwa viazi vya karai, vile vya unga wa manjano, na ukwaju unaoteremka mpaka kwenye kiwiko ukaufuata na ulimi. Sabuni tulionana nayo magharibi.

Sasa katika mtaa wote ule, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na kitu ambacho hata wenye magorofa hawakuwa nacho. Ilikuwa na mashine ya Ami Hamadi.

Ami Hamadi ni nduguye mdogo babangu. Alikuwa akipiga kinanda maharusini, na ile mashine aliipata kwa baharia mmoja, wakabadilishana kwa baiskeli na jogoo. Baiskeli haikuwa na breki, kwa hivyo nadhani jogoo ndiye aliyetia uzito. Mashine yenyewe ilikuwa ya kijivu, pana kama sinia ya biriani. Upande mmoja mahali pa kutia kaseti, upande wa pili vifundo vya kuzungusha na vijiti vya kusukuma juu na chini. Ikichomekwa ukutani ikapata stima inaingia joto, inatoa harufu ya plastiki na vumbi lililochomeka. Harufu ile mpaka leo nikiisikia mahali nasimama.

Maajabu yake yalikuwa haya. Redio ya kawaida ukirikodi mara ya pili unafuta ile ya kwanza. Mashine hii ilikuwa inabeba sauti nne kwenye kaseti moja, kila moja kivyake. Leo unarikodi kinanda, kesho unamrikodi mwimbaji huku akisikiza kinanda cha jana, kesho kutwa ngoma, na hakuna anayemfuta mwenziwe. Lakini ukihesabu vile vijiti vya kusukuma, vilikuwa sita.

Mimi ndiye niliyeuliza. Mimi nilikuwa na mdomo. Nyanya alikuwa akiniita redio isiyo na kifundo cha kuzimia.

"Ami, kaseti yabeba sauti nne. Hivi viwili vyengine vya nini? Vya urembo?"

"Hii ni nyumba," Ami akasema. "Ina vyumba vinne na milango sita. Wenyeji wanne wana vyumba vyao, wanalala humu humu. Ile milango miwili ni ya wageni. Mgeni halali, yuwapita tu."

"Yuwapita kwenda wapi?"

"Ukishajaza vyumba vyote vinne, wimbo wautoa kwa waya, wautia kwenye redio ile nyengine yenye kaseti tupu. Hiyo ndiyo kaseti ya kupewa watu. Sasa wakati ule unapoutoa, waweza kuchomeka maikrofoni kwenye mlango wa tano, mtu akaimba papo hapo, sauti yake ikapita pamoja na zile nne, zote zikaingia kule. Lakini humu ndani ya mashine haibaki hata harufu yake. Akikosea, amekosea. Asipokuja, hayumo."

Niliona ni mchezo mzuri. Sikujua kama ile milango miwili itakuja kutufaa.

Mwaka ule dadangu mkubwa, Zuhura, aliposwa. Mchumba alikuwa kijana wa Mumias, huko bara kwenye miwa, Mwislamu safi, mpole mpaka kuku walimzoea. Alikuja kufanya kazi kiwandani Changamwe akapanga chumba nyuma ya nyumba yetu, na sote tulimpenda. Taabu ni kwamba alikuwa anarudi kwao kufungua duka, na mke atakwenda naye. Baba kusikia Mumias, akanyamaza. Hakukataa, hilo tumpe haki yake. Posa aliipokea, nikahi aliisimamia, mkono wa mkwewe aliushika. Lakini Zuhura mwenyewe akaacha kumsemesha. Akitaka chai anauambia ukuta: "Hapa pana mtu wa kutia chai?" Zuhura anatia, anaiweka, anaondoka, Baba anakunywa akiangalia barabarani kama aliyeletewa na upepo.

Mama alimsihi. Nyanya, mamake mzazi, alimkaripia mbele yetu: "Rajabu, mwana yuwashika ndia ya mbali, nawe wamnunia? Kwani amekuibia?"

Baba akajibu, "Huko hawana nazi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yake yote. Kila akibanwa, huko hawana nazi.

Na kwetu sisi mtoto wa kike hatoki nyumbani bila radhi ya babake, isemwe kwa mdomo, naye aisikie kwa masikio yake. Nikahi ina shekhe na mashahidi, lakini radhi ni ya wao wawili tu. Siku zikawa zinayoyoma, Zuhura akikunja nguo na macho yamemvimba, na radhi haijasemwa.

Ndipo Ami Hamadi alipokuja na shauri. "Tumtilie nyumba yote kwenye kaseti, aende nayo." Wimbo ulikuwa wa kumuaga bi harusi, maneno aliyatunga Nyanya mwenyewe. Vyumba vinne vikagaiwa. Cha kwanza kinanda cha Ami. Cha pili Nyanya, muimbaji. Cha tatu Mama na mashoga zake na pembe za vugo, zile pembe ambazo wanawake huzigonga kwa kijiti maharusini. Cha nne sisi watoto, wa kuitikia. Ami akamwendea Baba barazani, akamuuliza kama hatatia japo neno moja mahali.

"Mimi si muimbaji," Baba akasema, akageuza kiti kikatupa mgongo.

Basi tukarikodi. Magodoro yakasimamishwa madirishani ili kelele za nje zisiingie, na hewa pia ikabaki nje. Tulitoka jasho mle ndani, harufu ya udi, ya mafuta ya nazi na ya watoto wanane ambao hawajaoga. Jogoo tulimfunika kwa ndoo. Mwenye mkokoteni wa maji tulimuomba apitie ule mtaa mwengine. Lakini adui yetu hakuwa jogoo wala mkokoteni. Adui yetu alikuwa adabu.

Nyanya yuko katikati ya ubeti, sauti imemkaa vizuri, kinanda kinamfuata, mara nje: "Hodi! Assalaam alaikum!"

Na nyumba nzima, pamoja na Nyanya mwenyewe ndani ya maikrofoni: "Waalaikum salaam! Karibu!"

Ami anazima. "Jamani! Tukiwa twarikodi msijibu!"

"Hamadi," Nyanya akamwambia, "salamu ya Mungu niiwate tini, nisiijibu, kwa ajili ya hicho kisinia chako?"

Tulianza upya mpaka kinanda kikatutoa machozi. Mwisho Ami akaniweka mlangoni na kidole mdomoni, kila anayekuja anione kabla hajafungua kinywa. Akaja Bi Mwanasha na sahani ya viazi. Akaona kidole, akaelewa, akanong'ona, "Assalaam alaikum." Nikanong'ona, "Waalaikum salaam. Shikamoo." Akanong'ona, "Marahaba. Mama hajambo? Goti la Nyanya? Na babako bado ana inda?" Tukaenda hivyo mpaka wimbo ukaisha. Ule ndio uliosalimika.

Nyanya sasa hakuwa na subira. Ami ametoka kwenda kazini, yeye akaitoa kaseti kwenye mashine akaitia kwenye redio yake ya kawaida ajisikize. Haijui ile mashine. Ile ilikuwa inatumia pande zote mbili za kaseti kwa safari moja, tena mbio. Redio ya kawaida ikiipiga, upande huu Ami anapiga kinanda usingizini na Nyanya anaimba kwa sauti ya mwanamume mnene. Akaigeuza upande wa pili. Huko kulikuwa na sisi watoto tunaitikia kinyumenyume.

"Audhu billahi!" Nyanya akaruka na lile goti lake bovu. "Watoto wamepandwa na pepo!"

Ami aliporudi alitukuta tumepangwa foleni uani, wote wanane, kila mmoja na kikombe cha kombe, yale maji ya sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani. Ami alieleza, akachora kwa kidole mchangani, akaapa wallahi. Nyanya akamsikiza mpaka mwisho. "Haya, ni mashine," akasema. "Wamalize kombe." Tukamaliza. Lilikuwa na marashi, wala si baya.

Siku ya Zuhura kuondoka ndiyo tuliyopanga kuutoa wimbo, asubuhi na mapema. Stima ikapotea tangu alfajiri. Ikarudi baada ya adhuhuri, gari la kuwapeleka kwenye basi liko nje linapiga honi, mizigo imefungwa, pamoja na gunia moja la buluu ambalo hakuna aliyejua limefungwa na nani. Zuhura amekaa juu ya sanduku lake, buibui mwilini, anaangalia sakafu. Baba yuko barazani na kiti chake, mgongo kwetu.

Ami alikuwa anaunga waya kama mtu anayeikimbia mvua. Mlango wa sita akauchomekea kijisanduku cha mwangwi, sauti ya Nyanya ipitie huko irudi imejaa, asikike kama yuko ukumbini. Kwenye mlango wa tano akachomeka maikrofoni akanipa mimi. Kazi yangu ilikuwa ya mtangazaji. Katikati ya wimbo Ami alikuwa ameacha nafasi, kinanda peke yake, nami nipitishe salamu kama zile za redioni, mnazikumbuka, za kadi, zimfikie fulani na fulani popote walipo.

Ami akabonyeza vitufe vya mashine na vya redio. Kaseti mbili zikaanza kuzunguka, moja inatoa, moja inapokea. Kinanda kikaingia, Nyanya akaingia, pembe zikagonga. Nafasi yangu ikafika.

"Salamu hizi zimfikie Bi Zuhura wa Mumias, popote alipo, akiwa kwenye miwa au akiwa jikoni anatafuta nazi asiione." Mama alijiziba mdomo kwa leso. "Zinatoka kwa nyanyake wa Magogoni, kwa mamake mzazi, kwa Ami Hamadi fundi wa mitambo, kwa watoto wote walionyweshwa kombe..." Hapo ndipo tulipopatana nisimame. Mdomo haukusimama. "...na kwa babake mzazi, Mzee Rajabu, ambaye anasema..."

"Mimi sijatuma salamu!" sauti kutoka barazani.

Ami akanitolea macho. Kaseti inazunguka. Tukasikia kiti kinaburuzwa, na Baba huyo mlangoni, kikoi na fulana, amefura.

"Nani kakwambia unisemee? Mimi bubu? Salamu zangu ninao mdomo, nitazileta mwenyewe!"

Nilitaka kujibu. Ami akanitia kidole mdomoni, chake, na kwa mkono wa pili akaigeuza maikrofoni kutoka kwangu ikamuelekea Baba.

Baba akaiangalia kama mtu aliyepewa kaa hai. Akatuangalia sisi. Kwa Zuhura hakuangalia. Kinanda kinakwenda, nafasi inakwisha, na watu wote wanamngojea yeye. Na mtu wa kwetu akisimama mbele ya watu hajui aanzie wapi, liko jambo moja tu ambalo mdomo unalijua wenyewe.

"Assalaam alaikum," Baba akasema.

Mnajua tulifanya nini. Nyumba nzima, "Waalaikum salaam!" mpaka mshale wa kupimia sauti ukalala upande mwekundu. Lakini moja ilichelewa, ikaja baada ya zote, peke yake, kutoka juu ya sanduku.

"Waalaikum salaam, Baba."

Lilikuwa neno la kwanza baina yao tangu siku ile ya posa. Baba akaonyesha mizigo kwa kidole.

"Lile gunia la buluu ni nazi," akasema. "Usiwape watu zote."

"Abee, Baba."

Kinanda kikazunguka mara nyengine. Mimi nilidhani amemaliza. Akasogea karibu, maikrofoni ikawa inagusa ndevu.

"Na mimi ni radhi nawe, mwanangu. Dunia na akhera." Kisha akamgeukia Ami. "Basi. Zima hiki kitu."

Ami hakuzima. Sisi watoto wa kwenye kaseti tukaitikia palepale, kama tulioambiwa, na Nyanya wa kweli akapiga kigelegele ambacho hakikuwemo kwenye mpango wowote. Zuhura alikuwa ameshateremka sandukuni, ameushika mkono wa Baba ameuweka usoni, na Baba anampangusa buibui begani, anapangusa tu, vumbi lenyewe halipo.

Wimbo ukaisha. Ami akajikuna kichwa. "Kaka, tuwahi turudie. Mmejibu kwa kishindo, sauti imepasuka pale."

"Nimekosea maneno?" Baba akauliza.

"La."

"Basi haurudiwi."

Honi ikapigwa. Kaseti ikatolewa ingali na joto, ikaingia mkobani kwa Zuhura, na Zuhura akaingia garini. Gunia alilibeba Baba mwenyewe.

Baadaye na sisi tukataka kaseti ya nyumbani. Ami akautoa wimbo tena kutoka vyumba vinne, kinanda kipo, Nyanya yupo, pembe zipo, watoto tupo. Mlango wa tano haukuwa na mtu. Mimi nikaombwa nitangaze upya, nikaona haya, mara moja katika maisha yangu. Kwa hivyo kwenye kaseti ya kwetu, ikifika pale katikati, kilikuwa kinanda tu, kinazunguka peke yake. Mama alikuwa akiipiga akikuna nazi. Ikifika pale mbuzi inanyamaza, halafu watoto wakiitikia, kukuna kunaendelea. Ilikuwa raha, wallahi, sijui niielezeje.

Mashine yenyewe ilikuja kukatika mpira wa ndani. Ami akautilia kipande cha blada yetu, ikawa inaimba kama imekunywa mnazi, mwisho akaiachilia. Zuhura sasa ana watoto wanne na duka la pili, na kila jioni anazungumza na Baba kwa simu. Baba anapiga kelele kwa sababu Mumias ni mbali.

Mwezi uliopita kitindamimba wa Zuhura alikuja kututembelea. Huyo naye ni muimbaji. Amejifungia chumbani na simu, ametia vile vidude masikioni, saa nzima anaguna peke yake tukadhani ni tumbo. Akatoka akatupigia wimbo. Mzuri, sitasema uongo. Ananiambia simu yake inabeba sauti mia, na ukikosea unafuta, unasema tena, unafuta. Baba akasikiza na mkono sikioni.

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Mimi, babu."

"Na huyu wa sauti nene?"

"Mimi."

"Na hawa wanaoitikia?"

"Mimi pia. Nimejirudia mara nane."

Baba akanigeukia kwa huruma kubwa. "Kwani Mumias mtoto huyu hana wenziwe?"

Nikacheka, lakini lilinikaa. Sisi vyumba vinne vilitutosha kwa sababu tulikuwa tunabanana. Mtu alitoka jasho ili awemo. Tulingojeana stima, tuliharibiana kwa salamu, na aliyetaka kuingia kwa ule mlango wa tano alikuwa hana budi kuinuka kitini, aje, asimame pale pale sote tumemkodolea macho. Leo nafasi ni mia na mtoto amezijaza mwenyewe.

"Hebu nami," Baba akamwambia. Mzee aliyesema yeye si muimbaji! Kijana akamshikia simu, kwa adabu, na Baba akafumba macho akauanza ule wimbo wa Nyanya, sauti inakwenda Likoni na kurudi kama feri. Kijana akasikiza kidogo. Akaniangalia, akatabasamu, na kwa kidole gumba, taratibu, akamfuta babu yake simuni.

Baba hakuona. Alikuwa ameshaingia ubeti wa pili.